Makapi ya Chikichi na Madini ya Majini: Mwalimu Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu barua nne zilizonifikia hapa Ujiji zimegusa jambo moja: mimea na madini yaliyoyeyuka majini. Sijawahi kupata bahati hiyo, nami nimeziweka pamoja. Ile ya Simbo ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa hiyo naanza nayo.

*Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha akina mama 23 wa Simbo, tunakamua mawese. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja na vipeperushi. Akatuambia makapi ya chikichi tunayoyatupa yana uwezo wa kunasa madini adimu yaliyomo majini, yale yanayotengenezewa sumaku za magari ya umeme. Anatuuzia mifuko ya wavu, kila mmoja shilingi 50,000. Tuijaze makapi, tuitundike ziwani pale Kibirizi miezi mitatu, halafu atarudi kununua kila mfuko kwa laki tatu. Wenzetu sita wameshatoa fedha. Mwanangu aliye chuoni katafuta kwenye simu, anasema ni kweli kabisa, wenzetu Marekani wanafanya hivyo. Tufanyeje? — Mama wa Simbo*

Marahaba, mama. Naanza na la haraka: msitoe shilingi nyingine, na hao sita waende kudai fedha zao leo hii. Mifuko hiyo ikikaa ziwani miezi mitatu itatoka na utelezi wa kijani, konokono na harufu. Hakuna atakayeinunua kwa laki tatu.

Lakini mwanao hakukosea, na sitaki arudi chuoni amenyong'onyea. Jambo lenyewe lipo, tena ni zuri, na mimi nalipenda kwa sababu nimelelewa kwenye makapi hayo. Mama yangu alikamua mawese hapahapa Ujiji, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupekua makapi kutafuta mise, zile kokwa za chikichi. Baadaye nikafanya kazi maabara ya maji miaka 29. Ndipo nikajua kwamba zile nyuzi nyekundu tulizokuwa tukiwashia moto zina kazi nyingine kabisa.

Ukishakamua mafuta, nyuzi zinazobaki zimejengwa kwa selulosi na lignini, vitu vilevile vinavyojenga mti wowote. Juu yake kuna vikundi vidogo vya atomi ambavyo vikiingia majini huachia haidrojeni, vikabaki na chaji hasi. Metali iliyoyeyuka majini huwa na chaji chanya, na hasi na chanya huvutana. Umewahi kukatisha porini jioni, ukafika nyumbani kanga imejaa kishonanguo? Ndivyo inavyokuwa. Kanga ni makapi, kishonanguo ni metali, na miba yake ni chaji. Sodiamu ya kwenye chumvi ina mwiba mmoja. Kalisi na magnesi zina miwili. Madini adimu karibu yote yana mitatu, na mwenye mitatu hang'oki kirahisi.

Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Penn State, kundi la Amir Sheikhi lilitangaza mwaka 2022 kwamba limetengeneza selulosi ya kunasa neodimiamu, hiyo ya sumaku. Walianza na rojo la mbao, la aina inayotengenezewa karatasi, wakalichakata kwa kemikali mpaka chembe zake zikaota kitu kama nywele fupi zilizojaa chaji hasi. Chembe hizo zilinasa neodimiamu kwenye maji ndani ya sekunde. Nadhani hiyo ndiyo habari mwanao aliyoisoma. Angalia lakini: lile lilikuwa rojo lililopitishwa hatua baada ya hatua maabara. Makapi yanayotoka kwenye kinu bado yana mafuta, na maji yanayateleza juu kama yanavyoteleza kwenye jani la gimbi. Nyuzi zisizolowa hazinasi kitu.

Hata hivyo ubovu mkubwa wa mpango ule hauko kwenye makapi. Uko kwenye maji. Tupige hesabu pamoja, chukua kalamu.

Maji safi ya mito na maziwa kwa kawaida hubeba madini adimu ya kuhesabiwa kwa nanogramu, yaani gramu moja uikate vipande bilioni. Nimpe kijana huyo upendeleo, niseme ziwa lina nanogramu 100 za neodimiamu katika kila lita. Nimwongezee upendeleo wa pili, niseme makapi yananasa yote, hakuna inayoponyoka. Ili upate gramu moja, lazima lita milioni kumi zipite ndani ya mifuko yenu. Hayo ni madumu laki tano ya lita ishirini. Na gramu hiyo moja inauzwa shilingi ngapi? Bei ya oksidi ya neodimiamu hupanda na kushuka. Nikiishika dola 80 kwa kilo, gramu moja ni senti nane za dola, kama shilingi mia mbili zetu. Madumu laki tano kwa shilingi mia mbili, mama.

Kuna na la pili. Ziwa Tanganyika lina magnesi nyingi, kama miligramu 40 kwa lita. Linganisha na zile nanogramu 100 nilizozitoa kwa ukarimu: magnesi inazidi mara laki nne. Mwenye miba mitatu anashika vizuri kuliko mwenye miwili, sawa, lakini wenye miwili wakija laki nne kwa mmoja, kanga itajaa wao. Tena maji ya ziwa letu yako upande wa besi, yaani kinyume cha asidi: pH yake, kipimo ambacho 7 ndiyo katikati na chini yake ni asidi, ni kama 9. Kwenye maji ya namna hiyo madini adimu hayapendi kukaa yakielea peke yake. Hujifunga na kaboneti au hung'ang'ania chembe za udongo, na udongo huzama. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470. Kilichozama huko hakifuatwi na mfuko wa wavu.

Nikumbushe jambo tunalolijua wote mkoani hapa. Kule Uvinza watu wamechemsha maji kupata chumvi kwa karne nyingi, na miombo mingi imeteketea chini ya masufuria yale. Kazi ililipa kwa sababu maji ya chemchemi zile yamejaa chumvi. Sijapata kusikia Mvinza aliyechota maji ya Malagarasi pale jirani akayachemsha akitafuta chumvi. Walijua kwanza maji yana nini, ndipo wakakata kuni. Kijana wenu hakuwaambia maji ya Kibirizi yana nini. Muulizeni cheti cha vipimo vya maabara, muone atakavyojikuna.

Sasa maji yapi yanafaa? Hapa ndipo pana utamu wake, na mwanao anisome vizuri.

Mwamba wenye salfa ya chuma ukichimbuliwa ukapigwa na hewa na mvua, hutoa asidi ya salfa. Asidi hiyo hutafuna mawe ya jirani na kuyeyusha metali zilizomo, madini adimu yakiwemo. Maji hutoka yamegeuka rangi ya chungwa, machungu, na samaki hawaishi humo. Migodi ya zamani ya makaa ya mawe katika milima ya Appalachia, Marekani, inatiririsha maji hayo hadi leo, na watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia wameonyesha kwamba madini adimu yanaweza kutolewa humo. Maji ya namna hiyo yakiwa na nusu miligramu ya madini adimu kwa lita, gramu moja inahitaji lita 2,000. Mapipa kumi. Hapo mtu anaweza kukaa mezani akafikiri biashara, hasa kwa sababu maji yale lazima yasafishwe hata kama hakuna faida.

Lakini kuna mtego. Asidi yenyewe ni haidrojeni tele, nayo ina chaji chanya. Ukitumbukiza nyuzi kwenye maji ya pH 3, haidrojeni inawahi viti vyote, na neodimiamu inabaki imesimama mlangoni. Kwa hiyo maji hutiwa chokaa kidogokidogo ili asidi ipungue. Ikipungua, chuma hutangulia kuganda na kuzama, aluminiamu hufuata inapokaribia pH 5. Hawa wawili ni lazima watoke kwanza, maana nao wana miba mitatu na ni wengi mno. Baada ya hapo nyuzi ziingie. Ukizidisha chokaa ukapita pH 7, madini adimu nayo yanaanza kuganda yenyewe na kuzama na tope. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, na katika miaka yangu ya maabara nimeona kazi nyingi nzuri zikiharibikia hapo, kwenye kijiko kimoja cha chokaa kilichozidi.

Udhaifu huohuo wa nyuzi mbele ya asidi ndio njia ya kuvuna. Nyuzi zikijaa unaziosha kwa asidi nyepesi kwenye ndoo moja. Haidrojeni inaingia, metali inatoka. Ulichokuwa nacho kwenye mapipa kumi sasa kiko kwenye ndoo, na nyuzi zako unazisuuza, unazitumia tena. Mimi hili nikilifikiria bado linanifurahisha kama siku ya kwanza nilipolielewa.

Hata ukifika kwenye ndoo, kazi haijaisha. Madini adimu ni ndugu 17 na karibu yote yamo pamoja. Neodimiamu na praseodimiamu zinafanana kiasi kwamba zilidhaniwa kuwa kitu kimoja, mpaka mwaka 1885 Mwaustria Carl Auer von Welsbach alipozitenganisha. Viwandani leo kuzitenganisha ni kupitisha mchanganyiko kwenye matangi mamia, moja baada ya jingine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo duniani inafanyika China. Mtu anayesema atanunua mfuko wa makapi yaliyolowa Kibirizi atampelekea nani?

La mwisho kwako, mama. Nchi hii mtu hanunui madini mtaani kwa maneno matupu. Anatakiwa awe na leseni iliyotolewa na Tume ya Madini. Mwambieni aionyeshe. Akishindwa, nendeni kwa mtendaji wa kata na polisi na vipeperushi vyake mkononi, msivichane. Na kabla ya mtu yeyote kutundika mifuko ziwani, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina ofisi hapa Kigoma, iulizwe.

Makapi yenu msiyadharau kwa ajili ya tapeli mmoja. Majivu ya mikungu mnajua wenyewe yanavyopika sabuni. Maganda ya mise yanatoa mkaa mgumu, na mkaa huo ukichakatwa ipasavyo ndio unaotumika kwenye vichujio vya maji. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, kinachoshughulika na michikichi, kiko mkoani humuhumu. Laki tatu zilizokwisha kutoka, mkizipata, ni nauli ya kikundi kizima kwenda kuuliza na chenji ikabaki.

*Mwalimu, salaam. Mimi navua dagaa. Mzee mmoja kijiweni kasema karabai zetu za zamani zilikuwa na hayo madini adimu. Kama yalikuwa kwenye kila mtumbwi, uadimu wake uko wapi? Na taa hizi za sola je? — Mvuvi, Kibirizi*

Mzee wenu kasema kweli. Kile kisoksi cheupe cha karabai kinachowaka ni kazi ya mtu yuleyule niliyemtaja hapo juu, Auer von Welsbach. Mwaka 1891 aligundua kwamba kitambaa kikilowekwa kwenye chumvi ya thoriamu na siriamu kidogo, kisha kikachomwa, hubaki kiunzi cheupe kinachong'aa kupita mwali wenyewe. Mchanganyiko uliofaa ulikuwa thoriamu asilimia 99 na siriamu asilimia moja. Siriamu ni mmoja wa wale ndugu 17. Bila hiyo asilimia moja, taa inafifia.

Taa zenu nyeupe za sola, hizo za LED, nazo zina siriamu. Ndani yake kuna kitone kinachotoa mwanga wa buluu, na juu yake umepakwa unga wa manjano wenye yitriamu na siriamu. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho linaona nyeupe. Kwa hiyo dagaa walioitwa na karabai ya baba yako na dagaa unaowaita wewe leo wamefuata metali ileile. Nimelifikiria hilo usiku nikiwa barazani, taa za wavuvi zimejipanga ziwani kama mji.

Uadimu ni wa jina. Mwaka 1787 ofisa mmoja wa jeshi la Sweden aliokota jiwe jeusi zito kwenye kijiji cha Ytterby. Mwaka 1794 mkemia Johan Gadolin akaonyesha kwamba ndani yake kuna udongo wa aina mpya. Wakaona ni kitu cha nadra, wakakiita hivyo, na jina likaganda. Kumbe siriamu kwenye miamba ya dunia ni nyingi karibu kama shaba, na hata lutetiamu, mmoja wa walio wachache kati yao, anaizidi dhahabu mara nyingi. Shida ni kwamba yametawanyika. Ni mahali pachache sana yanapokusanyika kwa wingi, na yakikusanyika hayatengani kirahisi.

Ombi langu: kama bado una visoksi vya zamani nyumbani, usivisage wala usiwape watoto. Thoriamu ina mionzi, hafifu, lakini unga wake haufai kuingia kwenye pafu.

*Mwalimu, sisi huku Kagunga tuko mpakani. Tunasikia wenzetu wa Burundi wamechimba madini adimu upande wa kaskazini, karibu na ziwa. Je, maji yetu hayajachafuka? Na hapo kwetu makapi yangenasa? — Mkazi wa Kagunga*

Machimbo unayoyasema ni Gakara, kusini kidogo ya Bujumbura. Si mapya: Wabelgiji walichimba huko tangu miaka ya 1940. Kampuni moja ilianza tena uzalishaji mwaka 2017, na serikali ya Burundi ikasimamisha kazi mwaka 2021.

Madini ya Gakara yamo ndani ya mawe yanayoitwa basinasaiti na monazaiti, tena mawe tajiri sana kwa viwango vya dunia. Lakini ni mawe. Maji ya mvua hayayayeyushi hivi hivi, viwandani yanapikwa kwa asidi kali na joto jingi ndipo yaachie. Kwa hiyo kinachoweza kushuka mtoni kutoka machimbo ya namna hiyo ni mchanga na tope kuliko metali iliyoyeyuka. Tope lina ubaya wake. Linafunika mawe ya pwani ambako samaki wetu wa miambani wanazalia, na hilo ni la kufuatilia kwa macho mawili. Ila nyuzi za chikichi hazinasi chembe za mawe. Zinanasa kilichoyeyuka. Nililolijibu Simbo linasimama na kwako.

Na kwa kuwa umeuliza ya jirani, nchi yetu nayo ina mlima wake: Ngualla, mkoani Songwe, wenye neodimiamu na praseodimiamu. Mkataba wake ulitiwa saini Aprili 2023 na Serikali ikachukua hisa asilimia 16 katika kampuni ya ubia. Siku kazi ikiendelea huko, maji yatakayotoka kiwandani ndiyo ningependa vijana wetu wayafikirie wakiwa na nyuzi mkononi. Hapo maji yatakuwa na kitu.

*Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tano hapa Kasulu, nasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia). Nataka kufanya mradi wa mimea kunasa metali majini. Shuleni hatuna neodimiamu. Nimefikiria mbegu za mlonge kwa sababu bibi yangu anasafishia maji. Je, mlonge ndio mmea bora? — Binti wa Kasulu*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mlonge kwanza, maana hapo wengi huteleza. Mbegu ya mlonge ikitwangwa na kukorogwa majini hutoa protini yenye chaji chanya. Tope la mtoni lina chaji hasi. Protini inayaokota matope, yanakuwa mabonge, yanazama. Bibi yako yuko sahihi kabisa, na wanawake wa Sudan wamefanya hivyo muda mrefu. Lakini metali nayo ina chaji chanya, sawa na protini hiyo, na chanya na chanya hazivutani. Kinachoweza kunasa metali ni masalia, yaani maganda na machicha yanayobaki, kwa sababu hayo yana selulosi kama mmea mwingine wowote. Basi bibi anatumia maji ya mbegu, wewe utatumia machicha yake. Ukiweza kueleza tofauti hiyo mbele ya waamuzi, umeshinda nusu ya kazi.

Mmea bora sikutajii. Chukua ule ulio mwingi na unatupwa. Nitakuambia tu ajabu moja: kati ya vinasaji vikali kabisa vya madini adimu vilivyopatikana kuna protini ya bakteria anayeishi juu ya majani ya mimea. Joseph Cotruvo na wenzake wa Penn State waliitangaza mwaka 2018, wakaiita lanmodulini. Inachagua madini adimu na kuiacha kalisi ipite. Makapi hayawezi kuchagua hivyo. Yanashika kila mwenye miba.

Badala ya neodimiamu tumia mrututu. Unauzwa kwenye maduka ya pembejeo, na ndani yake kuna shaba yenye miba miwili. Rangi yake ya buluu inakuonyesha kinachotokea bila mashine. Vaa glavu, na chombo utakachotumia kisirudi jikoni tena. Yeyusha kijiko kimoja cha chai kwenye lita tano za maji ya mvua. Maji ya bomba yana kalisi itakayokuchanganya.

Makapi ya chikichi yachemshe kwanza kwa sabuni ili mafuta yatoke, la sivyo yataelea siku nzima kama yalivyonielea mimi. Yasuuze, yachemshe tena mpaka maji yaache kutoka na rangi ya chai, maana rangi hiyo itakuficha buluu. Kisha yaloweke usiku mmoja kwenye maji ya majivu ya mikungu. Majivu hayo ni besi. Yanaing'oa haidrojeni kwenye viti na kuviacha wazi.

Sasa sikiliza kosa langu, ulikwepe. Mara ya kwanza nilipojaribu haya nyumbani, baada ya majivu nilisuuza mara moja tu. Nikatia makapi kwenye mrututu, na baada ya saa moja maji yalikuwa meupe kabisa. Nilimwita jirani aje kuona. Asubuhi nikakuta chini ya chupa utando wa buluu kama uji mzito. Makapi hayakuwa yamenasa. Mabaki ya majivu yalikuwa yameigandisha shaba, ikazama. Nilikuwa nimemwonyesha jirani kitu kisicho kweli, na ilinibidi nirudi kumwambia. Wanaofanya kazi na neodimiamu nao wanaweza kukosea hivyohivyo wakiacha pH ipande, wakahesabu kilichozama kama kilichonaswa.

Kwa hiyo suuza mpaka karatasi nyekundu ya litmasi isigeuke buluu. Na weka chupa ya shahidi: mrututu uleule, maji yale ya mwisho ya kusuuzia, bila makapi. Shahidi akifanya utando, suuza tena.

Pima gramu 50 za makapi makavu kwa lita moja ya mrututu, koroga, acha usiku kucha, chuja. Buluu ikififia, chukua msumari mpya ulioparuzwa kwa msasa, utumbukize kwenye maji ya mrututu ya mwanzo. Baada ya dakika chache utavaa wekundu wa shaba. Msumari wa pili utie kwenye maji yaliyochujwa. Hesabu dakika. Kisha yale makapi yaliyonasa yakamulie maji ya ndimu kikombe kimoja, yafinyange, chuja, na msumari wa tatu uingie humo. Huo ndio utakaokueleza kama shaba kweli ilikuwa kwenye makapi, kwa sababu ndimu imeitoa na kuirudisha majini. Rudia yote mara tatu, uandike namba hata zile zisizokupendeza.

Ukimaliza, maji yote ya shaba yakusanye kwenye ndoo moja na uyatie misumari chakavu mpaka msumari mpya uache kuwa mwekundu. Mabaki mpe mwalimu wako wa kemia ayahifadhi kwenye chupa yenye lebo. Usiyamwage mtoni. Shaba inaua samaki hata ikiwa kidogo, na mto wenu nao unaelekea Malagarasi, na Malagarasi unaingia ziwani kwetu.